Filimbi Nyuma ya Goli

Nilicheza beki wa kati tangu nilipomaliza kidato cha nne hadi goti la kulia liliponigomea, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo nilikuwa nahodha wa klabu moja ndogo hapa Arusha. Ni klabu ya madaraja ya chini. Matokeo yetu hayasomwi redioni, na kila mchezaji ana kazi nyingine inayomlisha. Mimi nachomelea mageti na madirisha pale Engutoto. Winga wetu alikuwa kinyozi. Kipa alilima nyanya na kabichi kwao Momela, akija mjini siku za mazoezi na siku za mechi, buti zake zimefungwa kamba na kuning'inia shingoni.

Katika klabu kama yetu, nahodha ndiye anayekwenda kumbembeleza bosi wa gereji ili beki wa kulia aachiwe mapema. Ndiye anayetuliza ugomvi, anayempeleka majeruhi hospitali, na jezi zinafuliwa nyumbani kwake. Mke wangu ni Mchaga wa Machame, hajui mpira na hataki kuujua. Alizianika jezi zile uani kila wiki akiuliza, "Hivi hii timu ina wenyewe, au ni ya kwangu?" Lakini hakuacha kuzifua.

Msimu ninaousimulia ulikuwa mzuri kuliko yote. Tulifika mechi ya mwisho tukihitaji sare tu ili tupande daraja, tena tukiwa nyumbani. Masika yalikuwa yanaishia, Mlima Meru umejifunika, na mbele ya magoli yote mawili kulikuwa na tope. Watu walikuja wengi kuliko nilivyowahi kuona. Walisimama kuzunguka uwanja mzima, maana jukwaa letu ni dogo na nusu yake haina paa. Wengine walijipanga nyuma ya goli la upande wa barabara, kule magari yanakoegeshwa.

Kipindi cha pili tulilinda goli hilo la upande wa barabara. Bado ilikuwa bila kwa bila, na mwamuzi alikwisha kuanza kutazama saa yake. Kiungo wao akapiga pasi ndefu juu ya vichwa vyetu, na mshambuliaji wao akaanza kuukimbilia mpira. Nilikuwa naye bega kwa bega na nilijua nitaufikia kwanza. Hapo nikasikia filimbi. Moja, kali, ndefu. Nikajua mchezo umesimamishwa kwa sababu ameotea. Nikanyoosha mkono juu, nikapunguza mwendo, nikasimama.

Yeye hakusimama. Aliusogeza mpira kidogo, akaupiga chini, ukaingia wavuni karibu na mwamba wa kulia. Nilimgeukia mwamuzi nikitegemea kumwona akionyesha mahali pa kupigia mpira. Alikuwa anakimbia kuelekea katikati ya uwanja. Nikamtazama mshika kibendera. Kibendera kilikuwa chini.

"Umepiga filimbi, mwamuzi!" nilimfuata nikipaza sauti.

"Sijapiga. Rudi nyuma."

"Nimeisikia!"

"Filimbi ni hii hapa mkononi mwangu, nahodha. Sijapiga."

Akanipa kadi ya njano. Muda mfupi baadaye akaipiga filimbi yake kweli, na msimu wetu ukawa umekwisha.

Tulikuwa tunabadilishia nguo katika darasa la shule ya jirani. Siku hiyo hakuna aliyekaa karibu nami. Winga alikuwa analia, uso kaufunika kwa jezi. Kocha alisimama mbele ya ubao kama mwalimu, akaniuliza, "Kwa nini ulisimama?"

"Nilisikia filimbi."

"Nani mwingine alisikia?"

Nilimtazama kipa, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa karibu nami kuliko wote. Alikuwa ameinama, anakwangua tope kwenye buti kwa kijiti. "Watu walikuwa na kelele nyingi," alisema bila kuinua kichwa. Sikujua kama hiyo ni ndiyo au hapana. Mwenyekiti wa klabu, ambaye kila tukifungwa huja kutupa pole, hakuonekana. Nilidhani ana hasira.

Jumatatu yake likaja tangi. Mke wangu alikuwa anacheza upatu na akina mama wenzake wa usharika, na zamu yake ikaangukia wiki ile. Lilikuwa tangi jeusi la maji, kubwa, likaletwa juu ya kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, mchana kweupe mbele ya mtaa mzima. Jirani yangu mmoja, shabiki wetu wa siku zote, alisimama akitazama vijana wakilishusha.

"Hongera, nahodha," alisema. "Mambo si mabaya."

Nilicheka. Kisha nikaona yeye hacheki.

Kufikia katikati ya wiki, kwenye midomo ya watu tangi lilikuwa limezaa. Nilisikia kwamba nina kiwanja Usa River. Nilisikia kwamba nimeagiza bodaboda na nimemwachia shemeji yangu ili nisijulikane. Mteja aliyekuwa ameniagiza geti la mbele alikuja karakana, akazunguka zunguka, akaniuliza kama kweli ninaacha kazi ya kuchomelea. Nilipomuuliza nani kamwambia, alisema, "Watu wanasema tu." Geti lile akalipeleka kwa fundi mwingine.

Sikuwa najua kwamba mtu akishukiwa, na yeye anaanza kushuku. Nilianza na winga. Saluni yake ndipo maneno ya mji mzima yanapopita, kwa hiyo niliacha kunyolewa kwake, nikaenda kwa kinyozi mwingine aliyenikata vibaya. Beki wa kulia alinisalimia kwa uchangamfu uliozidi, nikajiuliza anaficha nini. Kocha alipokea simu akasogea pembeni kuongea, na mimi nikasimama nikijaribu kusoma midomo yake. Hata kanisani, wakati wa kupeleka sadaka mbele, nilihesabu macho yaliyonigeukia badala ya kuimba.

Lakini kila nilikozunguka nilirudi kwa kipa. Alikuja kwetu kutoka klabu ya mkoa mwingine, na alikuja na maneno nyuma yake. Ilisemekana kule alifukuzwa kwa kuuza mechi. Wenzangu hawakumtaka, na mimi ndiye niliyesimama nikasema tumpe nafasi, tumwone kwa macho yetu. Tangu siku hiyo tulicheza tukielewana kwa kuitana tu. Sasa nilijiuliza kama nilikuwa mjinga. Nilimpigia simu. Dada yake akapokea, akasema kaka yuko shambani na simu ameiacha nyumbani. Nyuma ya sauti yake nilisikia mwanaume akikohoa.

Jumamosi niliitwa kikao. Mwenyekiti wetu alikuwa mfanyabiashara wa vipuri vya magari, mzee wa kanisa, mtu wa shati lililopigwa pasi na sauti ya chini. Kikao kilikuwa katika stoo ya duka lake, tumekaa juu ya maboksi ya filta. Walikuwepo kocha, wachezaji wengi, mashabiki wachache wenye sauti kubwa, na katibu, mzee aliyestaafu ualimu. Nilimwamkia katibu, "Shikamoo." Aliitikia marahaba kwa mdomo tu, macho yakiwa ukutani.

"Hatukuhukumu, nahodha," mwenyekiti alianza. "Watu wanauliza, na sisi viongozi lazima tuwe na jibu."

Nikaeleza tena habari ya filimbi. Shabiki mmoja akaguna. "Filimbi iliyosikiwa na mtu mmoja kati ya watu wote wale!"

Katibu akatoa Biblia kwenye mfuko wake wa plastiki. "Kama moyo wako ni safi, weka mkono hapa uape, tumalize."

Niliitazama Biblia ile. Sikuwa na la kuogopa. Kilichonichoma ni kwamba walikuwa wameibeba kutoka nyumbani.

"Nitaapa," nilisema, "tukiapa wote. Mwenyekiti aanze, katibu afuate, halafu kocha, halafu mimi."

Mwenyekiti alitoa leso akajifuta paji la uso, ingawa mle ndani kulikuwa na baridi. Kisha akasema kwamba hakuna haja ya kufika huko, ila kwa sasa ni vizuri nipumzike, na kitambaa cha unahodha akishike mtu mwingine mpaka mambo yatulie. Akamtaja kipa.

Kipa alikuwa amekaa mlangoni. "Sawa," alisema. Neno moja hilo.

Nilirudi nyumbani nikamweleza mke wangu. Alinisikiliza akiwa amesimama karibu na tangi lake. "Kwanza," alisema, "hili litakaa hapa hapa. Mimi sitaficha tangi langu kwa sababu ya wanaume waliofungwa goli." Kisha akaniuliza, "Baba watoto, hiyo filimbi uliisikia upande gani?"

"Mbele yangu."

"Na mwamuzi alikuwa wapi?"

"Nyuma yangu. Mbali kidogo."

"Sasa mtu aliye nyuma yako atapigaje filimbi uisikie mbele?"

Wiki nzima sikuwa nimeliwaza hilo. Nilikuwa na kazi ya kuwapeleleza watu, nikasahau sauti yenyewe.

Siku iliyofuata nilikwenda uwanjani baada ya ibada. Kuna mama anayechemsha mahindi pembeni ya goli la upande wa barabara, Mmeru wa huku juu, ananifahamu tangu nikiwa mchezaji wa akiba. Aliponiona alinipa hindi bila kuniuliza.

"Mama, siku ile tulipofungwa, wewe ulisikia filimbi?"

"Nilisikia, mwanangu. Hata nikafunika sufuria nikijua mpira umekwisha, watu watatoka na njaa."

"Ilitoka wapi?"

Alionyesha kwa kidole, nyuma ya wavu. "Huko kwenye magari. Si yule mzee anayeongoza magari? Ana filimbi yake."

"Mbona hukusema?"

Alinishangaa. "Nani aliniuliza?"

Alinielekeza pia kwamba siku za mnada mzee huyo huwa Ngaramtoni, anaongoza malori ya mifugo. Nikasubiri siku ya mnada, nikafunga karakana, nikaenda. Nilimkuta katikati ya vumbi, Mwarusha mrefu, shuka juu ya koti la mvua, filimbi imening'inia kifuani. Lori la mbuzi lilikuwa linarudi nyuma na yeye anapiga filimbi hiyo kuwatawanya watu. Kusikia sauti ile, mkono wangu ulitaka kunyanyuka wenyewe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ni polisi?"

"Hapana. Nacheza mpira. Nilikuwa nacheza siku ile ya mechi ya mwisho."

Alinikagua kuanzia kichwani hadi viatuni. "Wewe ndiye uliyesimama," alisema.

Nilikubali. Nikamuuliza kama alipiga filimbi wakati wa goli.

"Nilipiga. Watu walikuwa wameziba njia ya kutokea, na gari lilitaka kupita. Goli lenyewe sikuliona, nilikuwa nimeligeuzia mgongo."

"Gari la nani lilitaka kutoka wakati mpira haujaisha?"

"La mwenyekiti wenu. Alifungua kioo akaniambia fanya haraka, nitoe nipite." Kisha naye akawa kama mtu aliyeshtukia jambo. "Lakini hayo yeye anayajua. Alinifuata Jumatatu ile baada ya mechi akaniuliza hivyo hivyo unavyoniuliza. Nikamweleza. Hakukuambia?"

Nilimshukuru nikaondoka nikiwa sioni njia vizuri. Wakati tangi la mke wangu linashushwa kwenye kirikuu, mwenyekiti alikuwa tayari anajua. Alijua alipokaa kwenye stoo yake akisikiliza wakiguna. Alijua Biblia ilipotolewa mfukoni.

Nilikwenda dukani kwake moja kwa moja. Alinipa kiti, akamtuma msaidizi wake akalete chai. Nilisema sitaki chai.

"Siku ya mechi uliondoka kabla ya mwisho," nilisema.

"Mimi huondoka kila mechi. Nina presha. Dakika za mwisho siziwezi, narudi mpira ukishaisha."

Nilijaribu kukumbuka kama nimewahi kumwona uwanjani filimbi ya mwisho ikilia. Sikuweza. Kwa dakika hizo macho yangu siku zote yalikuwa kwenye mpira.

"Na Jumatatu ulimfuata mzee wa magari. Ulijua nasema kweli."

Alipanga kalamu zake mezani, moja baada ya nyingine. "Nilitaka watu wapoe kwanza."

"Wapoe huku wananichoma mimi?"

"Wangesema mwenyekiti ndiye aliyeuza, nahodha. Hebu fikiri. Mimi nina duka, nina jina. Wewe..." Alinitazama mikono, yenye makovu ya cheche, kisha akatazama pembeni.

Nilimwambia ayaseme hayo mbele ya wachezaji, siku ya mazoezi. Akaahidi. Mimi sikumwamini, kwa hiyo nilirudi Ngaramtoni nikamwomba mzee wa magari aje pia. Alikataa, akasema hataki kesi na watu wakubwa. Nilikuwa nimekwisha kugeuka niende zangu alipouliza, "Ni kweli wamekunyang'anya unahodha?" Nilimwambia ni kweli. Alivuta shuka lake begani, akasema atakuja.

Akaja. Alisimama pembeni ya uwanja na fimbo yake wakati mwenyekiti anazungumza, na nadhani bila ya yeye kuwepo maneno yale yangetoka kwa sura nyingine. Mwenyekiti alieleza kwa ufupi: gari lake, njia iliyozibwa, filimbi. Alisema ni bahati mbaya. Neno Jumatatu hakulitaja mpaka mzee alipolitaja yeye, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayekumbusha jambo dogo.

Nilitegemea kujisikia mwepesi. Badala yake nikaona macho yakihama kutoka kwangu na kwenda kwa mwenyekiti, macho yale yale niliyoyabeba wiki zile. Shabiki aliyeguna kikaoni ndiye wa kwanza. "Na kwa nini uondoke tunapokaribia kupanda daraja? Au hukutaka tupande ukalazimika kusafirisha timu mikoani kwa mfuko wako?" Mwingine akasema kumbe ndiyo maana. Mwenyekiti akajifuta uso kwa leso, akaingia garini.

Mpaka leo sijui kama kweli ni presha iliyomwondoa uwanjani. Miezi michache baadaye alijiuzulu, akisema ni afya. Wiki hiyo hiyo nilimwona sokoni amebeba mfuko wa viazi begani, anatembea haraka kuliko mimi.

Mazoezi yalipokwisha kipa alivua kitambaa cha unahodha akanipa mbele ya wote. Tuliondoka pamoja, tukakaa kwenye ukuta mfupi wa shule.

"Nilisikia," alisema kabla sijamuuliza. "Kumbuka goli lilivyoingia. Uliniona nikiruka? Na mimi nilisimama."

Ni kweli sikumwona akiruka. Lakini nilikuwa nimeutazama mpira, kisha mwamuzi, sikumtazama yeye.

"Kwa nini hukusema darasani?"

"Kule nilikotoka walishasema nauza mechi. Ningesema nimesikia, wangesema tumekula wawili."

"Na kitambaa ulikipokea."

"Ningekataa, wangeuliza kwa nini nakataa."

Kila alichosema kilikuwa na maana. Ningekuwa yeye, labda ningefanya hivyo hivyo. Nilimwelewa kabisa, na kumwelewa hakukunisaidia chochote. Nilimwambia tutaonana mazoezini.

Nilicheza misimu mingine kadhaa, naye akiwa golini nyuma yangu. Hatukupanda daraja tena wala hatukukaribia. Nilikusanya kadi za njano kwa kuendelea kucheza filimbi ikishalia, mpaka niione mikono ya mwamuzi, na waamuzi wa mkoa wakanijua kwa tabia hiyo. Watu wengi waliniomba radhi. Wengine hawakuwahi kuipata habari ya pili. Waliipata ile ya kwanza tu. Juzi juzi, kwenye msiba mmoja, nilisikia mtu nyuma yangu akimnong'oneza mwenzake, "Ndiye yule aliyesimama." Sikugeuka.

Goti liliponigomea, klabu ilinichezea mechi ya kirafiki ya kuniaga, wakanipa mbuzi dume. Siku hiyo kipa alinialika kwao Momela Krismasi, mimi na familia yangu. Nilisema nitamuuliza mke wangu, nikitumaini atakataa. Hakukataa.

Tulikwenda. Mama yake alitukaribisha kwa loshoro, mahindi yaliyochanganywa na maziwa ya mgando, na nyama, watoto wakakimbilia migomba, mke wangu akaenda jikoni kusaidia. Baba yake, mzee mpole, tulikaa naye nje. Wakati tunakula alimuuliza mwanawe kama kabichi za shamba la chini zimenusurika na tembo wanaotoka hifadhini. Kipa akajibu kwamba zimenusurika zote. Lilikuwa swali la baba kwa mtoto wake, halinihusu hata kidogo, na nilijikuta nimeshika kipande cha nyama hewani, namtazama kipa usoni nione kama anasema kweli.